Nitenge Nafasi Kiasi Gani ya Nakala Rudufu Kwenye Diski ya Nje?

"Nina kompyuta mpakato ya Windows yenye diski ya GB 512, na hadi sasa imejaa GB 310. Kati ya hizo, kama GB 220 ni hati, picha na kazi zangu mwenyewe. Mume wangu ana Mac ya GB 256 iliyojaa GB 180. Nimenunua diski ya nje ya TB 2, ya aina ile inayozunguka, na nimekwisha kuhamishia humo video zote za familia, takribani GB 600, kisha nikazifuta kwenye kompyuta ili nipate nafasi. Diski hiyo inasomeka kwenye kompyuta zote mbili kwa kuwa imefomatiwa kwa exFAT. Sasa nataka itunze pia nakala rudufu za kompyuta zote mbili. Je, nitenge GB ngapi kwa kila moja? Kuna aliyeniambia kwamba nakala inahitaji nafasi sawasawa na ukubwa wa diski ya kompyuta, na mwingine akaniambia nisitenge chochote, niziache programu zijipangie zenyewe. Naogopa Time Machine, programu ya nakala iliyomo ndani ya Mac, isije ikameza diski nzima. Tena Windows inaniambia diski ina TB 1.81 tu: je, nimepunjwa?"

Ndugu msomaji,

Takwimu ulizotoa zinatosha kukupa jibu la namba, na namba hizo utazipata hapa chini. Hata hivyo nina ombi moja lisiloweza kungoja: kwa sasa usiichomeke diski hiyo kwenye Mac ya mume wako ukaikubalia Time Machine iitumie. Time Machine haiweki nakala zake kwenye diski iliyofomatiwa kwa exFAT, yaani mfumo wa kupanga faili ambao Windows na Mac zote huuelewa. Ukiichagua, Mac itakuomba ruhusa ya kuifuta na kuifomati upya kwa mfumo wake yenyewe wa faili, APFS, na ombi hilo huja katika kidirisha kidogo chenye maneno machache, ambacho mtu aliyechoka hukibofya bila kukisoma. Kubofya huko kutaziondoa video zote za GB 600, na kwa jinsi ulivyoeleza, hazipo mahali pengine popote.

Hapo ndipo penye jambo zito kuliko hata swali la nafasi. Ulipozihamishia video kwenye diski ya nje kisha ukazifuta kwenye kompyuta, hukutengeneza nakala rudufu, bali ulibadilisha tu mahali zinapokaa. Nakala rudufu, au bakapu kama wengi tunavyoiita, ni nakala ya pili ya kitu ambacho cha kwanza bado kipo. Nakutana mara nyingi na watu waliofanya hivyo kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba faili ikishaingia ndani ya diski ya nje imepata usalama, kumbe diski ya nje ndiyo inayobebwa mkobani, inayoangushwa, na inayochomolewa ghafla wakati bado inaandika. Kwa hiyo vitu unavyopaswa kuvitafutia nafasi ni vitatu, si viwili: kompyuta yako, Mac ya mume wako, na hizo video, ambazo kwa sasa ndizo zilizo hatarini kuliko vyote.

Kuhusu TB 1.81, hukupunjwa. Watengenezaji wa diski huhesabu terabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000,000, ilhali Windows huhesabu kwa ngazi za 1,024, hivyo terabaiti yake ni baiti 1,099,511,627,776 ingawa huiandika kwa herufi zilezile. Ukigawanya baiti trilioni 2 kwa namba hiyo unapata 1.81 na ushei. Mac, tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009, huhesabu kama watengenezaji, kwa hiyo diski ileile kwa mume wako itasomeka TB 2. Hesabu zangu zote humu zinafuata kipimo cha watengenezaji.

Sasa tuzitazame kauli mbili ulizoambiwa. Ile ya kwanza, kwamba nakala inahitaji nafasi sawa na ukubwa wa diski ya kompyuta, inakosea pande zote mbili. Inazidisha, kwa sababu programu ya nakala hainakili nafasi tupu, na diski yako ya GB 512 ina GB 310 tu za kunakiliwa. Papo hapo inapunguza, kwa sababu inaichukulia nakala kuwa kitu cha siku moja, kana kwamba unapiga picha ya kompyuta leo na kuifunika ile ya jana. Programu nzuri za nakala hazifanyi kazi hivyo. Siku ya kwanza hunakili kila kitu. Kuanzia hapo hunakili yale tu yaliyobadilika, na yale ya zamani haziyatupi mara moja: hati uliyoihariri leo inahifadhiwa katika umbo lake la leo na la wiki iliyopita pia, na folda uliyoifuta mwezi uliopita bado imo.

Kwa hiyo nafasi unayoitenga ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nakala kamili ya vitu vyako jinsi vilivyo sasa, na ukubwa wake hauna mjadala. Fungu la pili ni kila ulichokibadilisha au kukifuta katika kipindi ambacho ungependa kuweza kukirudia, na hilo ndilo linalohitaji uamuzi wako. Ukitaka kurudi nyuma wiki mbili, fungu la pili ni dogo; ukitaka mwaka mzima, ni kubwa. Mimi husisitiza fungu hili lisibanwe, kwa sababu hasara nyingi hazigunduliki siku zinapotokea. Mtu hufuta kwa bahati mbaya sura moja ya kazi yake mwezi wa kwanza, akaja kuihitaji mwezi wa nne. Faili ya picha huharibika kimyakimya, na hakuna anayeifungua hadi siku ya kumbukumbu fulani ya familia. Ikiwa historia yako ni ya majuma mawili tu, wakati huo faili mbovu imekwisha kuchukua nafasi ya ile nzima, na programu yako ya nakala imeutunza ubovu huo kwa uaminifu wote.

Time Machine hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi yote ya nyuma, kisha nafasi inapokwisha hufuta zile kongwe kabisa. Maana yake ni kwamba hofu yako ina msingi: imeundwa ili ijaze nafasi yote iliyopewa. Si kasoro, kwa kuwa kadiri inavyopata nafasi ndivyo inavyokupa miezi mingi zaidi ya kurudi nyuma. Matoleo mapya ya mfumo wa Mac hukuruhusu kuiwekea kikomo cha GB unapoiongeza diski, lakini ya zamani hayana chaguo hilo, na kwa hayo kinachoiwekea mpaka ni ukubwa wa sehemu ya diski uliyoikabidhi. Kwa upande wa Windows, File History, programu ya nakala iliyomo ndani yake, hunakili kila saa usipoibadilisha, nayo ina tabia tofauti: kwa mpangilio wake wa mwanzo hutunza matoleo yote milele. Nafasi ikijaa hukulalamikia badala ya kujisafisha, na watu wengi hawalioni lalamiko hilo kwa miezi, wakiamini kwamba nakala zinaendelea. Ingia kwenye mipangilio yake katika Control Panel, ubadilishe muda wa kutunza uwe mwaka mmoja au uwe hadi nafasi itakapohitajika. Elewa pia kwamba File History hushughulikia folda zako za hati, picha, muziki, video na eneo-kazi, na haiinakili Windows yenyewe wala programu ulizosakinisha.

Kasi ya kujaa haitegemei sana wingi wa faili zako, inategemea jinsi zinavyobadilika. Picha uliyoipiga miaka mitano iliyopita hainakiliwi tena, kwa sababu haibadiliki. Faili moja kubwa inayoguswa kila siku ndiyo inayokula diski. Chukua mfano wa kompyuta pepe, ile inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, iliyohifadhiwa kama faili moja ya GB 40. Ukiifungua kila siku, programu inayonakili faili nzima itaichukua upya kila mara, na katika siku 10 utakuwa umetumia GB 400 kwa kitu kimoja. Faili za namna hiyo ziondoe kwenye orodha ya vitu vya kunakiliwa, kisha uzinakili kwa mkono mara moja kwa mwezi. Kubadilisha jina la folda kubwa au kuihamisha nako kuna gharama, kwa maana programu nyingi huiona kuwa ni folda mpya na kuinakili yote upya. Usitegemee pia kwamba vitu vitapungua ukubwa vikishafika kwenye nakala. Hati za maandishi hushindilika vizuri, lakini picha za kamera na video zimekwisha kushindiliwa tangu zilipotengenezwa.

Baada ya hayo, namba zenyewe. Kwa Mac, mara mbili ya ukubwa wa diski yake ni kipimo kizuri, na Apple yenyewe hushauri kisipungue hapo. Mara mbili ya GB 256 ni GB 512, nami ningetenga GB 550. Leo mume wako ametumia GB 180, kwa hiyo mwanzoni utaona nafasi nyingi imekaa bure. Usiipunguze kwa sababu hiyo, kwani Mac hiyo inaweza kujaa, na siku itakapojaa hutapenda kuanza kugawa diski upya. Kwa kompyuta yako, chukua GB 220 za vitu vyako mwenyewe, uzizidishe mara mbili ili historia ipate pa kukaa, upate GB 440. Juu yake ongeza GB 310 za taswira kamili ya diski, yaani nakala ya kila kitu pamoja na Windows na programu, ambayo utaitengeneza mara chache kwa mwaka ili diski ya ndani ikifa usianze kusakinisha kila kitu upya. Jumla ni GB 750, na mimi ningezifanya 800. Ikiwa huoni taabu kusakinisha programu upya, taswira hiyo si lazima, na GB 500 zitakutosha vizuri, maana Windows hupatikana tena lakini kazi zako hazipatikani.

Namba hizo ni makadirio ya kuanzia, na mwezi mmoja wa matumizi utakupa kipimo bora kuliko changu. Andika ukubwa wa nakala siku ya kwanza ilipokamilika, kisha uutazame tena baada ya siku 30. Tuseme ilianza na GB 220 na sasa ni GB 232: unaongeza GB 12 kwa mwezi, na GB 220 za ziada ulizotenga zitakubeba kwa muda wa miezi 18. Ukikuta imeongezeka GB 100, basi kuna faili kubwa mahali fulani inayonakiliwa kila siku bila wewe kujua, na ni afadhali uitafute hiyo kuliko kuongeza nafasi.

Ukijumlisha 550, 800 na 600 za video unapata GB 1,950 kati ya GB 2,000. Vitu vinaenea, lakini video za familia huzaliana, nazo zitabaki na nafasi ya GB 50 tu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba vyote vitakuwa kwenye kifaa kimoja. Kuigawa diski katika sehemu, au patisheni kama mafundi wanavyoziita, huzuia programu moja isile nafasi ya nyingine, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini sehemu hizo ni kama vyumba chini ya paa moja. Visahani vinavyozunguka ni vilevile, mota ni moja, vichwa vya kusomea ni vilevile, na bodi ya umeme ni moja. Diski ikianguka, sehemu zote tatu huondoka pamoja.

Kauli ya pili, ya kutogawa chochote, ningeikubali kama nyumbani mngekuwa na kompyuta za Windows pekee. File History huweka nakala zake ndani ya folda yake na hukaa vizuri pamoja na vitu vingine, na kugawa diski bila sababu humfanya mtu akose nafasi upande huu ilhali upande ule kuna GB 300 tupu. Hali yenu ni tofauti. Mac inataka APFS kwa ajili ya Time Machine. Nakala za Windows zinakaa vizuri kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ambayo Mac huisoma lakini haiwezi kuiandikia. Video zinapaswa kusomeka kote, na exFAT inafaa kwa hilo. Windows kwa upande wake haiielewi APFS bila programu ya ziada, na ikikutana na sehemu isiyoielewa inaweza kukuambia kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Ninauchukia ujumbe huo, kwa sababu umeandikwa kama msaada na umewapotezea watu vitu vizima visivyo na kasoro yoyote.

Kwa sababu hizo zote, ushauri wangu ni ununue diski ya pili ya TB 2, na kila diski ibebe nakala za kompyuta moja pamoja na seti kamili ya video. Diski ya kwanza iwe na GB 800 za NTFS kwa ajili ya kompyuta yako na GB 1,200 za exFAT kwa video. Ya pili iwe na GB 550 za APFS kwa ajili ya Mac na GB 1,450 za exFAT kwa video zilezile. Kwa mpango huu kila kitu cha familia kipo kwenye vifaa viwili, na video zina nafasi ya kuongezeka maradufu. Si lazima iwe SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. SSD ina kasi na haiogopi kuanguka kama diski inayozunguka, lakini nakala za nyumbani hufanyika taratibu, na SSD iliyowekwa kabatini miaka mingi bila umeme inaweza kupoteza ilichohifadhi. Diski ya kawaida inatosha.

Ikiwa fedha ya TB 2 nyingine haipo sasa, tafuta hata ya TB 1, uiwekee nakala ya pili ya video, halafu ile ya kwanza uigawe katika sehemu tatu kwa namba nilizotaja. Nakala za kompyuta zote mbili zitakuwa kwenye diski moja, na hilo linavumilika, kwa kuwa asili zake zimo ndani ya kompyuta zenyewe: diski ikifa, utakuwa umepoteza historia lakini si vitu. Kisichovumilika ni kuendelea na video zilizo mahali pamoja tu. Kama huwezi kununua chochote mwezi huu, basi usiigawe diski kabisa. Iache ilivyo, uchague video zile ambazo ukizipoteza utalia, uzirudishe kwenye kompyuta yako, ambayo bado ina takribani GB 200 tupu.

Huenda utauliza kwa nini nisikushauri kutumia hifadhi ya mtandaoni kwa kila kitu. Hesabu yake ni hii: kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, GB 600 zitachukua siku 5 na nusu mfululizo, usiku na mchana, bila kukatika. Kuna tatizo jingine lisilosemwa sana, kwamba huduma nyingi za mtandaoni zinasawazisha faili badala ya kuzitunzia nakala, hivyo ukifuta faili kwenye kompyuta hufutika na huko pia, ingawa baadhi huiweka kwa muda kwenye pipa la taka. Itumie kwa vitu vidogo visivyo na mbadala: vyeti, kazi ya utafiti, hati za familia, na picha chache teule. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ya namba 3, 2, 1: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba. Hicho kifungu kidogo cha mtandaoni ndicho kitakachokuwa nje ya nyumba iwapo wizi, moto au maji vitafika.

Utaratibu wa kazi yenyewe una umuhimu kuliko namba, kwa sababu makosa makubwa hutokea siku ya kugawa. Anza na diski mpya peke yake. Ichomeke kwenye Mac huku ile ya video ikiwa imefungwa kabatini, ili hata ukichanganya majina usiweze kuifuta. Fungua Disk Utility, programu ya Mac ya kusimamia diski, iagize ionyeshe vifaa vyote, uchague kifaa chenyewe na si sehemu iliyo ndani yake, kisha ukifute na kukigawa: GB 550 za APFS, na zinazobaki exFAT. Sehemu zipe majina yanayojieleza, kwa mfano MAC NAKALA na VIDEO 2, kwa maana majina ya kiwandani yanafanana na ndiyo huwapotosha watu. Baada ya hapo leta diski ya zamani, na Mac ikikuuliza kama unataka kuitumia kwa Time Machine, kataa. Nakili video zote kutoka ya zamani kwenda mpya. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde kazi hiyo huchukua kama saa 1 na dakika 40. Ukiona inaelekea saa 5, huenda kebo au tundu ulilotumia ni la USB 2.0. Hakikisha kompyuta hailali katikati ya kazi.

Kunakili kukiisha, usiamini tu kwamba mstari umefika mwisho. Linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti pande zote mbili. Kisha zitoe diski zote kwa utaratibu, uichomeke ile mpya peke yake, ufungue video kadhaa za miaka tofauti, uzitazame mwanzo, katikati na mwisho. Hapo tu ndipo uiguse diski ya zamani. Disk Management ya Windows haiwezi kuipunguza sehemu ya exFAT, kwani hupunguza za NTFS tu, kwa hiyo itabidi uifute sehemu iliyopo na kuunda mbili mpya. Zipo programu za nje zinazoahidi kuigawa diski bila kufuta kitu, na huenda zikafaulu, lakini sizishauri zitumike juu ya nakala pekee ya kitu chochote. Tambua kwamba tangu unapoifuta diski ya zamani hadi unapomaliza kuzirudisha video, zitakuwa mahali pamoja tena. Fanya kazi hizo mbili siku moja, usiiache nusu ukasema utaimalizia wiki ijayo.

Kurudisha video nako kufanyike kwenye Mac, na kuanzia siku hiyo kazi zote za kupanga na kusawazisha video zifanyike huko. Sababu ni kwamba Mac itaiona sehemu yako ya NTFS kama kitu cha kusomwa tu, hivyo haiwezi kukiharibu hata ukikosea, ilhali ukiipeleka diski ya Mac kwenye Windows utakutana na ule ujumbe wa kufomati. Kumbuka pia kwamba exFAT haina daftari la ndani la kurekodi mabadiliko yanayoendelea, kama ililonalo NTFS, kwa hiyo kuichomoa ghafla huiumiza zaidi. Itoe kwa utaratibu kila mara.

Nakala zikimaliza, chomoa diski na uiweke mbali na kompyuta. Programu hasidi zinazofunga faili na kudai fidia hufunga kila diski zinayoikuta imeunganishwa, kama ilivyoonekana Mei 2017 katika shambulio la WannaCry, na nakala iliyokuwa imechomekwa wakati huo ilifungwa pamoja na asili yake. Kuichomeka kila jioni, au angalau mara mbili kwa wiki, kunatosha kwa nyumba nyingi. Mara moja kwa mwezi, chagua faili moja ya zamani na uirejeshe kwenye folda tofauti, uifungue uone kama inasomeka. Ukiamua kuzifunga nakala kwa nenosiri, jambo ambalo ningelifanya kwa diski inayoweza kuibwa, Time Machine inakupa chaguo hilo tangu mwanzo, na Windows ina BitLocker katika matoleo ya Pro. Andika nenosiri na ufunguo wa dharura kwenye karatasi, usivitunze ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Kuna hali ambazo maelezo ya maandishi hayatoshi na unapaswa kumwona fundi ana kwa ana. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga unaojirudia, ikitoweka na kurudi, ikianguka ikiwa inazunguka, au ikikuambia inahitaji kufomatiwa ilhali unajua ina vitu ndani, ichomoe na usijaribu tena. Usiendeshe programu ya kurekebisha diski, kwa sababu programu hizo huandika juu ya diski na zinaweza kufunika kile kilichokuwa kikiokoleka. Tafuta fundi anayeshughulika na kurejesha data hasa, wala si anayeuza na kutengeneza kila kitu, na umuulize kabla hujamkabidhi kama atafanya kazi juu ya nakala ya diski au juu ya diski yenyewe. Anayejua kazi yake atakuambia kwamba kwanza ataitengenezea nakala. Muulize pia gharama ikiwa hatafanikiwa. Diski iliyofungwa kwa nenosiri lililopotea haimo katika kundi hilo: hakuna fundi awezaye kuifungua, na anayekuahidi kwamba ataweza usimpe kitu.

Ukifika kwenye hatua ya kuifuta diski ya zamani na mkono ukasita kwa sababu majina kwenye skrini hayalingani na niliyoyataja, simama hapo. Mwite mtu mwenye uzoefu akae nawe mbele ya kompyuta, au uniandikie tena ukinieleza kila mstari unaouona, pamoja na ukubwa ulioandikwa kando yake.